Maiti Aliyewasubiri Watani

Miaka ile misafara ya pembe ilikuwa bado ikipita bonde la Lwisi kuelekea pwani, na hakuna taifa la Ulaya lililokuwa limepandisha bendera yake juu ya boma lolote la nchi ile. Mtawala alikuwa yule mwenye mikuki mingi, na mara nyingi mwenye mikuki mingi mwaka huu hakuwa yule wa mwaka jana. Katikati ya bonde, juu ya mwinuko wa udongo mwekundu uitwao Lugongo, wamisionari walikuwa wamejenga hospitali: nyumba mbili ndefu za matofali ya udongo, zimeezekwa nyasi, na kati yake ua mpana. Ndani ya ua huo, siku ya tano tangu vita vya chumvi vizuke, mwanamke mmoja aitwaye Zafarani alikuwa hawezi kukaa chini.

Alikwishajaribu. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akainuka. Alikaa kizingitini, akainuka. Alikuwa mwuguzi mkuu wa Lugongo, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, amejifunga kaniki mbili na kitambaa cheupe kichwani. Alizaliwa nchi ya mbali ambayo jina lake hakulikumbuka. Alitekwa angali mtoto, akapelekwa pwani kwa mnyororo, akakombolewa, kisha akalelewa na misheni na kufundishwa kufunga vidonda. Mikono yake ilikuwa imetulia siku zote. Miguu ndiyo iliyokuwa haimsikii siku hizo.

Vita vyenyewe vilianza kijinga, kama vita vingi. Bondeni waliishi Wasambilo, watu wa kupika chumvi. Mlimani waliishi Walwengo, wafugaji. Siku ya gulio ng'ombe wa Walwengo waliingia katika matuta ya chumvi wakayavuruga. Mchungaji wao akapigwa, akafa. Jioni ile ile Walwengo walishuka na ngao zao za ngozi ya nyati na mikuki ya bapa pana, wakafyeka kila aliyekuwa gulioni na kuchoma nyumba za wapika chumvi. Kesho yake Wasambilo walipanda mlima na mienge, wakachoma mazizi na watu wakiwamo. Hao ni watu waliooleana, waliobadilishana chumvi na samli tangu enzi za mababu. Sina upande wa kuutetea hapa: huku waliua watoto, na huku waliua watoto.

Waliosalia waliletwa Lugongo juu ya machela, juu ya milango, migongoni mwa ndugu zao. Daktari Merton, mganga wa misheni, ambaye watu walimwita Bwana Matone kwa jinsi alivyopima dawa zake tone kwa tone, aliwapokea wote. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, na siku zile alilala kwa kusinzia tu amesimama. Akaona busara moja ya wazi: watu waliochinjana jana wasilale chumba kimoja leo. Walwengo ishirini na wanne akawaweka nyumba ya mashariki. Wasambilo thelathini na saba akawaweka nyumba ya magharibi. Katikati ya ua ikafungwa kamba ya katani, na ikawa marufuku mgonjwa yeyote kuivuka. Zafarani ndiye aliyeifunga, na wakati ule aliiona kuwa ni busara pia.

Sasa hakuwa na hakika. Siku ya pili wagonjwa walianza kukataa uji. Siku ya tatu walikataa wengi zaidi. Daktari alidhani wanaogopa sumu, akasimama mbele yao akanywa kata nzima ya uji mpaka ndevu zake za rangi ya mahindi zikalowa. Walimtazama kwa heshima, wakageukia ukutani. Wenye majeraha mepesi walikuwa wanadhoofika kuliko wenye majeraha mazito, na hakuna aliyesema kwa nini.

Jana asubuhi nyumba ya mashariki alikufa Ndelwa, kijana wa Kilwengo aliyekatwa jembe tumboni. Wagonjwa wenzake hawakukubali azikwe. Na nyumba ya magharibi walikuwapo maiti wawili wa Kisambilo, nao wenzao hawakukubali wazikwe.

"Dada, mwache," mtu mmoja wa Kilwengo alimwambia Zafarani asubuhi hii alipokuja tena na sanda ya merikani. Mtu huyo alikuwa amefungwa bandeji jicho moja. "Mwache hapo alipo."

"Kaka yangu, joto hili unaliona. Tumwache mpaka lini?"

"Mpaka atakapokuja wa kumwosha."

"Mimi nitamwosha. Nimeosha wengi."

"Wewe ni mwema," yule mtu alisema. "Lakini wewe si wa kumwosha."

Alimwuliza ni nani basi, naye akafumba jicho lililobaki. Zafarani akatoka nje akiwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi.

Ndipo Farjala alipomjia mbio. Farjala alikuwa mlinzi wa lango, askari wa misafara wa zamani, mwenye gobore moja lililofungwa kwa waya. "Bibi Zafarani, Mahengula anashuka," alisema. "Jemadari wao mwenyewe. Wenye mizigo wamemwona anavuka kijito na watu mia mbili. Saa tisa atakuwa hapa."

"Anataka nini?"

"Ndelwa ni ndugu yake. Baba mmoja, mama mmoja. Anamfuata ndugu yake, kisha ameapa hataacha Msambilo hai ndani ya ukuta huu."

Daktari alipopewa habari alinawa mikono kwanza, kwa kuwa ilikuwa na damu, kisha akatoa amri. Wasambilo wote wabebwe kwenye machela mpaka kivukoni, wavushwe mto, wafichwe kwenye matete.

"Bwana, machela tunayo tisa," Zafarani alisema. "Na wengi wao hawawezi kutikiswa. Nusu watafia njiani."

"Wakibaki watakufa wote. Una njia nyingine? Niambie, nami nitakusikiliza."

Zafarani akakusanya bandeji. Akaenda kuwatayarisha, anatembea upesi, na moyoni anajua kwamba yeye ndiye atakayechagua nani abebwe na nani aachwe.

Alianza na Bi Nakapela, kwa kuwa alilala karibu na mlango. Alikuwa mpika chumvi, mwanamke mzee mwenye mdomo mkali, miguu yake yote miwili imeungua hadi magotini. Hospitali nzima ilimwogopa kidogo.

"Taratibu!" Bi Nakapela alisema. "Unanimenya kama muhogo. Unakimbilia wapi?"

"Tunawahamisha, Bibi. Mahengula anakuja kumchukua ndugu yake Ndelwa."

"Kumchukua? Kwani Ndelwa anaweza kutembea?"

"Ndelwa amekufa. Tangu jana asubuhi."

Bi Nakapela alimshika kifundo cha mkono, na mshiko wake ulikuwa na nguvu kuliko alivyotarajia. "Amekufa tangu jana, yuko hatua arobaini kutoka hapa, na hamkuniambia?"

"Bibi, yule ni adui yako."

"Ni adui yangu, ndiyo. Wamenichomea nyumba. Na ni mtani wangu! Sisi na Walwengo ni watani tangu dunia ianze. Mlwengo akifa, Msambilo ndiye anayemwosha, anayembeba, anayemtukana mpaka wafiwa wacheke wakumbuke kula. Msambilo akifa, Mlwengo anafanya hivyo hivyo. Ndugu hagusi maiti wa ndugu yake, ni mwiko. Na maiti wakiwa hawajazikwa, humu ndani au kule tulikowaacha, nani atakula?"

Zafarani aliacha bandeji ikaanguka. Aliutazama mlango, na nje ya mlango aliiona kamba.

"Mbona hamkusema? Siku zote hizi!"

"Tuseme nini? Mmetuokota, mmetufunga vidonda, nyumba ni yenu, mkafunga na kamba. Tukadhani ndiyo desturi ya Wazungu, kila mtu ahangaike na maiti wake. Nao kule hawawezi kutuita. Mfiwa hamwiti mtani wake. Mtani husikia akaja mwenyewe. Ila mimi sikusikia, kwa sababu mmenifungia huku kama kuku."

Hapo Zafarani aliona njia, na njia hiyo ilimtisha kuliko ile ya kivukoni. Akisikiliza amri ya Daktari, nusu ya watu wake wangekufa kwa mwendo. Akiwaacha hapa, na desturi hiyo ikawa imekufa na vita, Mahengula angewakuta wamelala tayari kwa kuchinjwa, na yeye ndiye atakayekuwa amewaweka.

"Bado mnawezana?" aliuliza. "Baada ya yote haya?"

Bi Nakapela aliitazama miguu yake. "Sijui," alisema. "Nibebe tukaone."

Zafarani alichomoa mkasi wa bandeji kiunoni, akatoka, akaikata kamba ya katani katikati ya ua, mchana kweupe, mbele ya Daktari.

"Zafarani! Nimekataza."

"Umekataza, Bwana. Kesho nifukuze, nitaondoka bila neno. Leo niache." Akamweleza kwa maneno machache.

Daktari Merton alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama zile machela tisa. "Mimi ndiye niliyeagiza kamba hii," alisema polepole. Kisha akavaa koti lake, akaenda kusimama langoni peke yake, na nitamheshimu kwa hilo daima.

Zafarani alimbeba Bi Nakapela mgongoni, akavuka ua, akaingia naye nyumba ya mashariki. Vichwa viligeuka. Kijana mmoja aliyekatwa mguu alichomoa kisu chini ya mkeka wake, na hakuna aliyejua alikipitishaje. Zafarani aliendelea kutembea, kwa kuwa angesimama asingeweza tena, akamweka mzee yule chini kando ya maiti.

Bi Nakapela alivuta mtungi wa maji karibu. Akamfunua Ndelwa uso.

"Haya, mvivu we," alimwambia maiti. "Umelala mpaka nzi wamekuzoea. Aushi yako yote umekula chumvi yangu, na siku ya kuishukuru ndiyo umeamua kufa. Na harufu hii ya samli, mama yako hakukuogesha hata mara moja?"

 Zafarani alihesabu pumzi zake. Kisha yule mwenye jicho moja akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko bado, akaziba mdomo, ikamshinda, akacheka na huku machozi yanapita chini ya bandeji.

"Mwoshe vizuri, mla matope," alisema kwa shida. "Usimwache na takataka masikioni, tutakudai."

"Masikio yenyewe ni ya ng'ombe, nitamaliza lini?" Bi Nakapela akajibu, na nyumba nzima ikapasuka. Walicheka wakalia, na kilio kile kilikuwa cha siku tano. Yule kijana alikirudisha kisu chini ya mkeka.

Sitasema wote walikubali. Wasambilo watatu waligoma kuvuka, na mmoja alimtemea mate chini Bi Nakapela aliporudishwa uani. Aliona mkewe akichomwa mkuki; nani atamlaumu? Lakini Walwengo wanne walioweza kutembea walikwenda nyumba ya magharibi wakijikokota, wakaanza kuwaosha wale maiti wawili na kuwasimanga kwa vichwa vyao vya wapika chumvi. Ndelwa aliwekwa uani juu ya machela ndani ya sanda. Na Bi Nakapela, kwa haki ya mtani anayeosha, alijitwalia kitu cha marehemu kilichompendeza, akae nacho mpaka wafiwa wakikomboe: shungi lake la manyoya ya mbuni, analovaa shujaa wa Kilwengo vitani. Alilivaa kichwani, akakaa pale kando ya machela, miguu yake ya bandeji imenyooka mbele.

Pembe zikalia kabla ya saa tisa.

Walikuja kwa safu, njuga zikigonga miguuni, gobore arobaini mbele na mikuki nyuma. Mahengula alikuwa mtu mnene wa kifua, amefunga kilemba chekundu na kujitupia ngozi ya chui begani, mkononi ana shoka la vita la mpini mrefu. Farjala aliweka gobore lake chini, maana Zafarani alimwamuru. Daktari alinyoosha mikono lango zima.

"Jemadari, hii ni nyumba ya wagonjwa. Hakuna adui hapa."

"Mbele yangu hakuna, Bwana Mganga," Mahengula alisema kwa adabu. "Lakini nyuma yako wapo." Akamsogeza kando kwa mpini wa shoka bila kumpiga, akaingia.

Akaona machela. Akaona sanda. Akaona mwanamke wa Kisambilo amevaa shungi la ndugu yake. Askari wake wakaguna wote kwa pamoja, na Zafarani, aliyesimama nyuma ya Bi Nakapela, akasogea karibu naye. Huyu akiona dhihaka, alifikiri, tumekwisha, na mimi ndiye niliyeikata kamba.

"Mahengula!" Bi Nakapela aliita. "Umechelewa maziko ya ndugu yako. Mlikuwa mnangoja ng'ombe wamalize kujisaidia ndipo mwondoke?"

Mahengula hakujibu. Wenyeji wote waliokuwa uani walijua maana ya hilo. Mtani akikutukana penye msiba ukamjibu kwa mzaha, utani upo, na hakuna damu inayomwagika mpaka kaburi lifukiwe na arobaini ipite. Ukinyamaza, umeukana.

"Vua shungi hilo," alisema.

"Sivui. Nimemwosha mimi, kwa mikono hii. Likomboe."

"Nani alimwua?"

Hapo Zafarani alitamani mzee yule aseme uongo. Bi Nakapela aliinua kidevu.

"Lusweko alimwua. Mwanangu. Na wewe ukampiga Lusweko shoka, hilo hilo ulilolishika, mbele ya macho yangu. Siku ya tano leo yuko kwenye matuta ya chumvi. Mimi miguu haifiki, na hata ingefika mama hamwoshi mwanawe. Wako nimemwosha, Mahengula. Wangu nani atamwosha? Hicho ndicho kikombozi changu. Sitaki kingine."

Kwa siku zote alizokaa hospitalini hakuwa amemtaja mwana huyo hata kwa jina. Zafarani alimfunga vidonda asubuhi na jioni, na hakujua.

Askari mmoja aliinua mkuki. "Jemadari, sema neno tu."

Mahengula alikuwa anatazama ardhi. Jasho lilimtoka chini ya kilemba, likashuka shavuni, hakulifuta. Daktari alianza kupiga hatua kuja mbele, na Farjala akamshika koti.

"Mwanao," Mahengula alisema mwishowe, "alikuwa na kichwa kikubwa. Nilikiona tangu nikiwa mlimani."

Askari aliyeinua mkuki akaushusha.

"Kikubwa kweli," Bi Nakapela alisema. "Kilinitesa sana kutoka." Kisha uso wake ukavunjika, akalivuta shungi likamfunika macho, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu aletwe Lugongo.

Mahengula akaliweka shoka lake chini. "Nipeni mtungi," aliwaambia watu wa hospitali. "Na mtu wa kunimiminia."

Katika barua aliyowaandikia wakubwa wake Ulaya, Daktari Merton alisema kwamba siku ile Mungu aliufunga mdomo wa simba, na wagonjwa karibu sitini wakanusurika na kuendelea kuuguzwa. Sina ugomvi na barua hiyo. Walwengo na Wasambilo walikuja kupigana tena baadaye, juu ya malisho, lakini Lugongo hawakuigusa. Wazee wao husimulia siku ile wakianzia langoni na kuishia hapo penye shoka chini. Kilichotokea kule chumvini hawakijui, kwa sababu Mahengula aliwageuza askari wake wote wampe mgongo. Aliyekiona ni Zafarani peke yake.

Matuta yalikuwa meupe, yamekauka ganda. Lusweko alilala kifudifudi kati ya mawili, na chumvi ilikuwa imemkausha, hakuharibika kama walivyoogopa. Mahengula alivua ngozi ya chui, akapiga magoti, akamgeuza. Zafarani akamimina.

"Haya, mwana wa matope," Mahengula alianza, anamsugua mkono. "Ulinijia na jembe. Jembe! Mimi nina shoka, wewe una jembe. Ulidhani tunalima?"

Akaosha kifua. Akaosha shingo, pale palipokatwa, polepole.

"Na mdomo wa mama yako ule. Umekufa upumzike nao."

Akafika usoni. Akaondoa chumvi kwenye kope kwa kidole gumba.

"Na siku ya harusi yangu," alisema, "ulipoiba yule ndama mzima, ukamla na wenzako, ukarudi ukaniomba..." Hakuweza kuendelea.  Zafarani hakuwa mtani wa yeyote pale. Hakuwa na haki ya kummalizia maneno. Alisubiri na mtungi mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tano miguu yake ilikuwa imetulia.

"Mimina," Mahengula alisema.

Akamimina.